Ukurasa wa Msimamizi

Ukitaka kumuudhi Tumwagile, usihangaike kumwita kilema. Hilo alishalizoea tangu darasa la kwanza, na wengi waliomwita hivyo leo wanakuja dukani kwake pale Mikumi kuchapisha barua za kuomba kazi, tena kwa adabu zote. Ukitaka kumuudhi mpaka mishipa ya shingo imtoke, muulize hivi: "Umekuja na nani?"

Maneno hayo aliyasikia mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na tisa. Alitoka Kidete kwa treni, peke yake, na magongo yake mawili ya kwapani, vyeti vyake vikiwa kwenye mfuko wa nailoni alioutundika shingoni. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu wa Tukuyu aliyeletwa na kazi akasahau kurudi, na ndiye aliyempakia kwenye behewa akamwambia, "Nenda mwanangu, mdomo unao." Basi akafika kwenye ofisi moja, ambayo tusiitaje maana wenyewe wanajijua, akasalimia vizuri, akaeleza shida yake. Karani akamtazama miguu. Kisha akatazama mlangoni.

"Umekuja na nani?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Sawa, lakini nani anakusemea?"

Jamani! Msichana aliyekuwa wa pili darasani, mwenye mdomo ambao mwalimu mkuu mwenyewe aliuogopa, anaulizwa nani anamsemea! Akarudishwa nyumbani akamlete mtu. Mtu aliyekuja naye wiki iliyofuata alikuwa mjomba wake, mlevi wa kutupwa, ambaye alisinzia kwenye benchi kuanzia mwanzo mpaka mwisho na akaamshwa tu ili asaini. Fomu ikapita.

Tangu siku hiyo Tumwagile ana ugomvi wake na makaratasi. Kuchapa alijifunzia Berega, alikokaa miezi saba akirekebishwa mguu hospitalini. Karani mmoja wa pale, Mama Bibiana, alimkuta kwenye korido anasoma kila tangazo lililobandikwa ukutani, hata la ratiba ya usafi. Akamkalisha mbele ya kompyuta akamwambia kama unapenda kusoma kiasi hiki, basi uandike. Aliandika. Aliporuhusiwa kutoka, alikuwa anachapa kwa vidole kumi bila kutazama, na mama yake alidhani hospitali ndiyo imemfundisha kazi badala ya kumtibu.

Duka la Mikumi alilifungua miaka kumi na moja iliyopita, kando ya barabara kuu, karibu na malori ya Iringa yanapopumzika. Ni steshenari ya chumba kimoja: printa mbili, mashine ya kutoa kopi, benchi la wateja, na mlango mpana usio na kizingiti. Fundi Samson alikuwa amejenga ngazi mbili nzuri pale mlangoni, akazipiga na sakafu nyekundu kabisa. Tumwagile alizitazama, akamtazama Samson, akayatazama magongo yake. Ngazi zilivunjwa siku hiyohiyo, na Samson mpaka leo akipita anasema huyo mama hana dogo.

Kujaza fomu za watu ndiko kulikomfikisha kwenye kutengeneza za kwake. Alichoka. Kiziwi anaitwa mahakamani, na hakuna karatasi ya kuombea mkalimani wa lugha ya alama. Asiyeona anauza nyumba, anawekewa mkataba mbele yake, anashikwa kidole na kubonyezwa kwenye wino kabla hata hajasomewa. Mama anataka ndugu yake amchukulie barua moja tu ofisini, anaandikiwa hati inayompa huyo ndugu mamlaka ya kila kitu mpaka kiama. Tumwagile alikuwa akiyaona hayo anapiga meza.

Akakata shauri. Alijifunza kutengeneza fomu za mtandaoni, zile ambazo mtu anafungua linki kwenye simu yake, anaulizwa maswali moja baada ya jingine kwa Kiswahili cha kawaida, akimaliza inatoka hati kamili, tayari kuchapishwa na kupelekwa kwa wakili ipigwe muhuri. Mambo ya sheria alisaidiwa na Wakili Debora wa Kilosa, mama mmoja mfupi mkali, ambaye alisoma kila kifungu na kukirudisha na kalamu nyekundu mpaka kinyooke. Ndani ya miaka miwili fomu zilifika tisa. Linki zikaanza kuruka kwenye magrupu ya WhatsApp, Kidodi wanazo, Dumila wanazo, kila kijiji kilichopitiwa na reli kina mtu anayezijua. Chini ya kila hati yalitoka maandishi madogo: Imeandaliwa kupitia Fomu za Tumwagile, Mikumi.

Tuseme ukweli, kichwa kilimvimba kidogo. Mtu akimsifia alikuwa anasema, "Aa, kawaida tu," kwa sauti ya mtu anayejua kwamba siyo kawaida.

Sasa Jumatatu moja, saa tatu asubuhi, duka likiwa tupu, akaingia mzee mrefu aliyevaa shati jeupe la mikono mifupi, limepigwa pasi likapigika. Mikono yake yote miwili ilikomea juu kidogo ya vifundo. Shingoni alikuwa ametundika mfuko wa nailoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye Tumwagile wa fomu?"

"Ndiye mimi. Karibu, karibu kiti."

Na hapo, kidogo tu, kwa nukta moja, Tumwagile akatupa jicho mlangoni. Mzee akaliona lile jicho, akakaa.

"Mimi naitwa Lupakisyo. Baba yangu aliletwa huku na mkonge, na mimi nikaufuata mkonge huohuo, na mkonge ukanilipa hivi." Akainua mikono. "Korona, ile mashine ya kukamua majani. Mwaka tisini na nne. Usinihurumie, nimeshazoea. Chukua karatasi iliyomo humu mfukoni usome."

Tumwagile aliichomoa, na kitu cha kwanza kuona kilikuwa maandishi yake mwenyewe pale chini. Akatabasamu. Kisha akasoma juu, tabasamu likakauka. *Mimi Bonifas, msimamizi wa Lupakisyo ambaye ana ulemavu wa mikono, natamka kwamba nitasaini kwa niaba yake katika mambo yote ya ardhi.* Chini yake palikuwa na alama ya dole gumba kwa wino wa zambarau.

"Bonifas ni nani wako, baba?"

"Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Ni mtu mwema, usimfikirie vibaya." Mzee alieleza taratibu. Kijiji chao ni kile kinachofuata ukishapita Munisagara, bondeni kwa Mkondoa. Mwaka huu mashamba yamepimwa, watu wanapewa hati za kimila. Wapimaji walipofika yeye alikuwa Morogoro, kamfuata binti yake Teresia anayesomea ualimu. "Bonifas akaona mjomba hayupo, na hata angekuwepo, angesaini na nini? Binti wa Bonifas akamfungulia fomu yako kwenye simu, wakajibu maswali, ikatoka hiyo, akaipeleka, na wapimaji wakaandika jina la aliyesaini. Sasa orodha imebandikwa ukutani. Eka zangu tatu za mtoni, mmiliki Bonifas. Alhamisi mkutano wa kijiji unapitisha. Asiyeweka pingamizi siku hiyo, basi tena."

"Na Teresia?"

"Ndiyo hapo. Teresia ndiye mtoto wangu wa pekee. Jina likishakuwa la Bonifas, siku nikifa shamba linakwenda kwa watoto wa Bonifas, na wale ni sita. Mwanangu atakuja kuomba kona ya kupanda mchicha kwenye shamba nililolilima mimi kwa jembe la kufunga mkononi na mpira wa tairi."

Hasira zikampanda Tumwagile, zile zake za kupiga meza, na akaipiga.

"Baba, huyu amekutapeli! Ametumia fomu yangu kukutapeli!"

"Hajanitapeli. Alijibu alichoulizwa." Mzee alisogea mbele kidogo. "Hebu fungua hiyo fomu yako. Nijaze mimi mwenyewe, wewe tazama."

Akafungua kwenye simu, akaiweka mezani. Mzee akawa anajibu kwa mdomo, Tumwagile anaandika: jina, umri, kijiji. Likaja swali la aina ya ulemavu, na chini yake orodha: miguu, macho, masikio, mikono. Hapo mzee akasema, "Niachie." Akagusa kioo kwa ncha ya mkono wake wa kulia, sawasawa kwenye *mikono*.

Ukurasa ukabadilika wenyewe. *Jaza taarifa za msimamizi aliyeambatana nawe.* Pembeni ya maneno hayo palikuwa na nyota nyekundu, ile inayomaanisha usipojaza huendi mbele. Mzee akagusa kitufe cha kuendelea. Hakikuendelea. Akagusa tena.

"Rudi nyuma," akasema. "Sasa chagua miguu."

Tumwagile alichagua miguu. *Tafadhali weka saini yako hapa,* fomu ikasema, bila nyota, bila msimamizi, bila maneno mengi.

Lori lilipita nje likitikisa vioo vya duka. Mzee alingoja lipite.

"Kwa hiyo wa miguu anapita moja kwa moja," alisema. "Sisi wengine tunaulizwa tumekuja na nani."

Weee! Hata angemwagiwa ndoo ya maji ya baridi isingekuwa hivyo. Tumwagile alifungua mdomo, vikatoka vijisababu. Fomu zote za maofisini ziko hivyo, baba. Utaratibu ndio huo, baba. Wakili aliipitia yote, baba.

"Wakili alipitia sheria," mzee akasema. "Maswali uliyapanga wewe."

Na kweli aliyapanga yeye. Aliikumbuka hata asubuhi yenyewe, chai ya rangi mkononi, fomu moja ya zamani ya ofisini mbele yake kama kielelezo. Alifika kwenye mikono akajiuliza, asiye na mikono atasainije? Akajijibu mwenyewe palepale, akaweka nyota nyekundu, akaendelea na chai. Hakupiga simu kwa mtu hata mmoja. Ya miguu ndiyo aliyoifikiria mara mbili, kwa sababu ya miguu alikuwa anaijua. Bonifas alimfikiria mjomba wake namna ileile, na yeye hapo anamwita tapeli.

"Nisamehe baba," alisema. "Nimekosa, tena nimekosa vibaya."

"Umekosa. Lakini kompyuta unayo. Rekebisha."

"Nitarekebisha leo hii." Akavuta karatasi nyeupe, akaishika kalamu, halafu akasita. "Baba, wewe unasaini vipi?"

Mzee Lupakisyo akaanza kucheka, kicheko cha chinichini kilichomtikisa mabega.

"Tangu tisini na nne," alisema, "wewe ndiye wa kwanza kuniuliza hilo. Leta kalamu."

Aliibana kalamu katikati ya ncha za mikono yake miwili, akainama, akaandika. Hakuharakisha. Herufi zilitoka kubwa kidogo, zimelalia kushoto, lakini zilisomeka zote, L mpaka o, kisha akapiga mstari chini yake kwa madaha. Akaeleza kwamba alijifundisha wakati Teresia alipokwenda shule ya bweni. Barua za kumpelekea binti yake alitaka aziandike mwenyewe, hakupenda majirani wajue mambo ya nyumbani kwake. Alikuwa anaandika mlango umefungwa, barua anaitumbukiza mwenyewe posta Kilosa. Kijijini hakuna aliyejua, hata Bonifas.

"Basi kwa nini hukumwambia tu?" Tumwagile akauliza.

"Nikienda na maneno matupu watasema mzee kagombana na mpwa wake. Na mimi sitaki kugombana na Bonifas. Nataka karatasi iliyoharibiwa na karatasi itengenezwe na karatasi. Ndiyo maana nimekuja kwako, na si kwa mwingine."

Duka lilifungwa siku mbili. Aliyetaka kopi aliambiwa aende ng'ambo ya barabara. Mzee alilala kwa jamaa yake mmoja palepale Mikumi, na Jumanne asubuhi alikuja kukaa kwenye benchi kama mwajiriwa. Tumwagile safari hii hakujijibu maswali. Alimpigia Danieli, asiyeona, anayeuza mbegu sokoni Kilosa. "Mimi nisomewe kwanza," Danieli akasema, "halafu nisaini kwa kalamu. Dole la nini? Nimesoma mpaka darasa la saba, saini yangu ninayo." Alimwandikia ujumbe Costancia, fundi cherehani ambaye hasikii, akamuuliza angependa nani awe msimamizi wake. Costancia alijibu ndani ya dakika moja: "Msimamizi wa nini? Ujumbe wako wenyewe una makosa mawili." Tumwagile akausoma kwa sauti, mzee akacheka mpaka akakohoa.

Ukurasa wa msimamizi aliufuta wote. Mahali pake aliweka swali moja tu kwa kila mtu, awe wa miguu, wa macho au wa chochote: *Utasaini kwa njia gani?* Chini akaacha nafasi mtu aeleze kwa maneno yake. Anayetaka msaidizi anamchagua mwenyewe, kwa jambo moja analolitaja, na anaweza kumwondoa siku yoyote. Hakuna nyota. Mzee Lupakisyo ndiye aliyeijaribu wa kwanza, akigusa kioo hatua kwa hatua, na fomu ikamfungukia mpaka mwisho. Zikatoka hati mbili: moja inatamka jinsi anavyosaini, nyingine inafuta usimamizi wa Bonifas.

Jumatano walipanda basi la asubuhi kwenda Kilosa. Wakili Debora aliitazama ile fomu ya zamani kwenye simu, akaijaza yeye mwenyewe kama mtu asiye na mikono, akagonga kwenye nyota nyekundu. Akavua miwani.

"Mimi nilisoma vifungu," alisema. "Kuijaza sikuijaza. Na mimi nimo katika kosa hili." Halafu akaivaa miwani, akawa wakili tena. "Haya mzee, tuendelee. Inayotakiwa ni mtu aelewe anachosaini, na alama yake ishuhudiwe. Hakuna panaposema alama itoke kwenye kidole."

Alimsomea hati zote mbili neno kwa neno, akamuuliza maswali, mzee akajibu. Kisha akamtazama anavyosaini mara mbili, akashuhudia, akapiga muhuri kwa nguvu mpaka kikombe cha chai kikaruka.

Jioni hiyo mzee alikwenda kulala kwa Bonifas, akala ugali wa Bonifas, akamwambia tu kwamba kesho atakuwepo mkutanoni. Alhamisi Tumwagile alifika kwa bajaji kutoka Kilosa, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mkutano ulikuwa darasani, shule ya msingi, watu wakubwa wamejibana kwenye madawati ya watoto. Mbele alikaa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Evarist, na kando yake afisa ardhi, kijana wa watu aliyevaa kofia ya kazi, na daftari kubwa mbele yake. Majina yakasomwa. Likafika shamba la mtoni.

"Mmiliki Bonifas. Kuna pingamizi?"

"Lipo," alisema Lupakisyo, akasimama.

Afisa akainua macho. Akaona mikono. Akaona nyuma yake mwanamke wa magongo. Ilikuwa wazi kabisa hajui azungumze na nani kati yao.

"Mzee," akasema, "umekuja na nani?"

Tumwagile alihisi maneno yanamchemka kifuani, na yalikuwa maneno mazito. Aliuma ulimi. Shamba halikuwa lake, na mdomo huyo mzee alikuwa nao.

"Nimekuja na miguu yangu," Lupakisyo alijibu, "na karatasi zangu, na pingamizi langu. Huyu dada kaja kutazama."

Darasa likacheka. Bonifas, mwanaume mnene mwenye uso mpole, hakucheka. Aliinuka kwenye dawati kwa shida.

"Mjomba, pingamizi la nini? Mimi nimekuwekea tu. Ungesaini na nini?"

"Najua ulitaka kunisaidia. Ndiyo maana jana nimelala kwako. Lakini hukuniuliza, Bonifas."

Afisa aligonga daftari kwa kalamu. Akasema humu ndani mna tamko halali la msimamizi, na tamko haliondolewi kwa hadithi za ukoo. Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali. Tumwagile akaona shamba linaondoka mbele ya macho yake, eka tatu zote na mchicha wa Teresia. Sasa ilikuwa zamu yake. Akasimama, magongo yakagonga sakafu ya darasa.

"Mwenyekiti, naomba ruhusa. Hiyo karatasi iliyomo kwenye daftari niliitengeneza mimi. Jina langu liko hapo chini, lisomeni. Niliweka ndani yake kwamba asiye na mikono lazima awe na msimamizi. Hakuna aliyeniambia niweke hivyo, na wala sikumuuliza mtu. Ni kosa langu, si la Bonifas, si la mzee. Wakili ameshalirekebisha na karatasi mpya hizi hapa, zina muhuri wa jana."

Miaka yote alikuwa akiingia maofisini kuwaambia watu makosa yao. La kwake alilisema kwa sauti ileile.

Afisa alizisoma hati zote mbili. Alizirudia. Akamwangalia mzee, akaangalia tena ile sehemu iliyoeleza namna ya kusaini, na uso wake ukalegea. Alizungusha daftari likamwelekea Lupakisyo, akaweka kalamu juu yake. Hakumpa mkononi mtu mwingine.

"Saini hapa, mzee wangu."

Watu waliinuka kwenye madawati kuona. Lupakisyo aliibana kalamu, akainama, akaandika jina lake lote, L mpaka o, akapiga mstari chini. Bonifas alisogea karibu mpaka akawa anaisikia pumzi ya mjomba wake. Akaitazama saini ile.

"Kumbe unaandika," alisema polepole. "Miaka yote hii unaandika."

Afisa akapiga mstari juu ya jina la Bonifas, akaandika Lupakisyo, akaandika na jina la Teresia kwenye safu ya mrithi kama mzee alivyomtajia. Akafungua ukurasa wa pili.

"Shahidi wa familia?"

"Bonifas," alisema Lupakisyo. "Hakuna mwingine ninayemtaka."

Afisa akamsogezea kalamu. Bonifas hakuichukua. Alitazama chini, akainua mkono wake wa kulia, mkono mzima wa vidole vitano, akaonyesha dole gumba. Tumwagile akalikumbuka lile dole la zambarau kwenye karatasi, akakumbuka ni binti wa Bonifas aliyemjazia fomu, akajiona mjinga kwa kutolisoma siku ileile: Bonifas hajui kuandika. Mzee Lupakisyo akamwambia afisa kwa upole, "Mpe wino mwanangu."

Kidau cha wino kikasogezwa, afisa hata macho hakuinua. Bonifas akabonyeza, akajifuta kwenye suruali, akarudi kukaa. Hakuna aliyemuuliza amekuja na nani.